Miguu Yote Minne

Ugomvi wote ulianzia kwa simba wa kalenda.

Kila mwaka, umoja wa Warundi waliolelewa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, wale walioletwa Marekani wakatawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, huchapisha kalenda yao. Si kalenda ya mchezo. Huning'inia sebuleni juu ya televisheni, ina tarehe za mikutano na za harusi, na mwaka ukiisha hakuna anayethubutu kuitupa. Mpya hutundikwa juu ya ya zamani mpaka msumari unapinda. Na kila mwaka jalada lake lilikuwa na simba, simba wa kuokotwa mtandaoni, manyoya yamechanwa utadhani ametoka saluni.

Desemba ile mkutano ulifanyika Louisville, kwenye ukumbi wa kanisa mtaa wa Iroquois. Mwenyekiti, Mzee Leonardi, alikuwa amesafiri kutoka Lackawanna, kule ubavuni mwa Buffalo. Alikuwa ameinua kalenda mpya juu ili watu waipigie makofi, ndipo Spés aliposimama. Spés ni mke wa Zenoni na mama wa Gaju, anapakia mizigo kwenye ghala, na ana ulimi ambao mumewe huuombea kila siku bila mafanikio.

"Mzee wetu, samahani," alisema. "Nani humu ndani amewahi kumwona simba?"

Watu wakatazamana. Wengi wao walizaliwa kambini, wakakulia kambini, wakapanda ndege wakitokea kambini. Simba wangemwonea wapi, kwenye foleni ya maharage? Mwishowe baba mmoja nyuma kabisa akainua mkono. Alimwona kwenye bustani ya wanyama ya papo hapo Louisville, nyuma ya kioo, amelala.

"Haya basi!" Spés alisema. "Kazini kila wiki naulizwa habari za simba. Naulizwa kama alikuwa anatukimbiza tukienda shule. Nikirudi nyumbani namkuta ukutani! Sisi tunaishi hapa, na hapa kuna wanyama, tunawaona kwa macho yetu. Kwa nini tusiweke mmoja wao?"

Mzee Leonardi hakuzoea kukatizwa. Alishusha kalenda taratibu, akavua miwani, akaifuta.

"Mtoto wa Liberati," alisema, "marehemu baba yako alikuwa mpiga picha, kwa hiyo nitakusikiliza. Mwaka ujao tunakutana kwangu Lackawanna. Uje na picha ya mnyama wako, uliyoipiga kwa mkono wako. Wazee wakiikubali, inakaa kwenye jalada. Wakiikataa, simba anarudi, na maneno haya sitaki kuyasikia tena."

Hapo ndipo makofi yakapigwa kweli kweli. Spés akaketi akijiuliza amejiingiza wapi, maana tangu azaliwe alikuwa hajapiga picha yoyote isipokuwa ya simu.

Kamera aliinunua kwenye soko la mitumba, kamera ya kizamani kidogo yenye lenzi ndefu, na muuzaji akamwonyesha pa kubonyeza. Theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka, akaanza kwenda bustani ya Iroquois kila Jumamosi asubuhi. Wanyama hawakuwa shida. Kulungu walikuwepo, wale wenye mkia mweupe kwa chini. Kindi walikuwepo tele, wakikimbizana mitini kama wanaodaiana. Spés alipiga picha mpaka kidole kikafa ganzi, kisha akatuma alizozipenda kwenye kundi la WhatsApp la umoja, watu wa miji yote mitatu wazione.

"Huyo mnyama yuko wapi?" mtu wa Columbus akaandika.

"Tuzungushie duara," akaandika wa Buffalo.

Hata Gaju, mwanawe wa kumzaa, aliivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena, akasema, "Mom, that's just grass."

Na kweli ilikuwa nyasi. Nyasi tele, mti, anga, na katikati kabisa kidoa cha kahawia kimesimama kama mgeni aliyepotea harusini. Picha zote zilikuwa hivyo. Kosa lake halikuwa la macho wala la kamera. Lilikuwa la malezi.

Baba yake, Liberati, alikuwa na kamera moja kambini, na watu walipanga foleni mbele ya turubai lake. Picha zile hazikuwa za pambo. Zilibebwa na wasafiri kuvuka mpaka, au kupelekwa kambi nyingine, ili mama aliyeachana na mwanawe njiani wakati wa vita ajue kwamba mwanawe yu hai. Na kitu cha kwanza alichotazama mama yule, kabla ya uso, kilikuwa miguu. Vita vilikuwa vimekata miguu mingi. Kwa hiyo Liberati hakukata mguu wa mtu hata kwa bahati mbaya. Alirudi nyuma, akarudi tena nyuma, mpaka viatu na ardhi iliyo chini yake vionekane vyote. "Picha bila miguu ni mashaka," alikuwa akimwambia binti yake. Na picha ikifika ilikopelekwa, watu waliiinua juu na kupiga kelele: amefika mzima!

Basi Spés naye alikuwa akirudi nyuma. Kila akimwona kulungu, miguu yake yeye ilianza kurudi yenyewe, mpaka kwato zionekane na nyasi zionekane, na kulungu awe ukubwa wa punje ya mchele.

Mwezi wa sita kulikuwa na harusi Gahanna, pembeni mwa Columbus. Miongoni mwa wageni alikuwepo Mkongo mmoja wa Bukavu aitwaye Bagula, fundi wa kiwandani, mtu wa kucheka kwa sauti, ambaye simu yake ilikuwa imejaa picha za ndege. Ndege hasa! Mpaka unyoya mmoja mmoja ulihesabika. Spés akamng'ang'ania kama kupe. Kesho yake asubuhi, wenzao wakiwa bado wamelala uchovu wa harusi, wakashuka wawili pamoja na mke wa Bagula hadi kwenye kijito kinachopita katikati ya Gahanna. Bagula akazitazama picha za Spés moja baada ya nyingine, akashusha pumzi.

"Bon. Mama Gaju, usikasirike," alisema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambako mnyama huitwa nyama. "Weye unapiga picha ya pori. Nyama iko mule, lakini haiko ya kuonekana. Kwa nini unakimbia mbali vile?"

"Nataka miguu ionekane, kaka."

"Miguu? Ya nini? Nyama haivalake viatu!" Alicheka mpaka mke wake akamfinya. "Sikia. Piga macho. Macho ikiwa clair, picha yote iko na uzima. Macho ikiwa na ukungu, donc, ata kama miguu iko kumi, tupa. Na usipige ukisimama. Ukisimama weye ni mti yenye kutembea, nyama inaogopa. Lala chini."

"Nilale chini? Mimi mama mzima, na kitenge hiki?"

"Sasa ule ndege atakuona namna gani kama mwenzake?"

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Hawakusema ulale kifudifudi kwenye matope ya Ohio huku mke wa watu anakushikia viatu. Lakini Spés alilala. Korongo mmoja wa kijivu alikuwa amesimama majini, na Bagula akamkataza Spés asimfuate. "Ngoja yeye akuje." Wakangoja. Mbu wakala walichokula. Korongo akapiga hatua moja, akawaza, akapiga nyingine, na mwisho akawa karibu hivi kwamba Spés aliliona jicho lake la manjano likigeuka. Akabonyeza. Jicho lilikuwemo kwenye picha, kavu, kali, linamtazama. Spés akapiga kigelegele pale pale chini kwenye matope, na korongo akaruka akaenda zake.

Alirudi Louisville amekuwa mtu mwingine. Majirani wa Iroquois walizoea kumwona mama mwenye kitenge amelala chini ya mti asubuhi na mapema, na mara mbili wapita njia walimwendea wakidhani amezimia. Alijifunza kukaa jua likiwa mgongoni. Alijifunza kubana viwiko chini ili mikono isitetemeke. Alijifunza kutonukia, maana kulungu wanajua mafuta ya nazi kuliko mchumba. Na mwezi wa kumi, majani yakiwa mekundu, kulungu jike alimkaribia mpaka uso wake ukajaza kioo chote, kope zote zinaonekana, umande puani. Spés alilia kwa furaha. Ilikuwa picha nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza, ukiacha Gaju. Akamtumia Mzee Leonardi moja kwa moja, hakutaka hata kungoja Desemba.

Jibu lilikuja kwa sauti. Mzee alikohoa kwanza.

"Mtoto wa Liberati, nimepokea. Sasa, hiki kichwa kimekatwa na nani? Mwili uko wapi? Hii ni kama bucha. Nani atundike kichwa sebuleni, watoto wale ugali wakikitazama? Baba yako angeniletea hii, mimi ningelia matanga. Asante, Mungu akubariki."

Spés alirudia kuisikiliza sauti ile, kisha akaketi kwenye ngazi za nyumba yake na kulia kweli, safari hii si kwa furaha. Alijiona mjinga. Akirudi nyuma, wanamwambia mnyama haonekani. Akisogea karibu, wanamwambia amekata kichwa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee hakukosea. Baba yake naye angeuliza miguu iko wapi.

"Basi niache," alimwambia Zenoni. "Simba arudi tu. Nimechoka kuchekwa."

Zenoni si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

"Nimefua matope ya vitenge vyako tangu masika," alisema. "Sikufua kwa ajili ya simba."

Spés akafuta machozi, akampigia Bagula. Bagula alipoisikia habari ya bucha alicheka mpaka akapaliwa, halafu akatulia.

"Bon. Donc mzee anaomba miguu, na miye nakuomba macho," alisema. "Basi mupatie vyote. Tafuta nyama yenye kuruka. Ikiruka, mwili yote inafunguka, miguu inatoka inje. Kamera utaiweka mbio ya mwisho. Na angalisho, mama Gaju: kule Buffalo baridi inakula betri kama njugu. Utabonyeza, kimya."

Spés akafanya mazoezi kwa kindi. Kindi ni mwalimu mkali. Kwa wiki nyingi alipata mikia tu, au tawi tupu ambalo kindi alikuwa ameshaliacha. Aliacha kumfuata kwa lenzi akaanza kukisia atakapotua, na hapo picha zikaanza kuingia moja moja, kindi mzima hewani, vidole vimetanuka. Lakini kindi hawezi kuwa jalada. Mnyama anayeiba mkate wa watoto bustanini hawezi kumng'oa simba, Spés alilijua hilo.

Desemba walifika Lackawanna Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, wakalala kwa Rakeli, dada yake Zenoni, ambaye pia ni mtunza majoho ya kwaya. Majoho yenyewe yalikuwa mapya, meupe pe, yamepigwa pasi na kutundikwa mlangoni kama maharusi. Rakeli hakuruhusu mtu ayapitie karibu na chai. Wakati wa kula, aliposikia Spés bado hana picha, alisema:

"Wifi, mbona hapa nyuma kuna mbweha? Mwekundu, mnene. Kila asubuhi nikitoka zamu namwona kule kwenye majani, palipokuwa na viwanda vya chuma, karibu na ziwa. Anarukaruka peke yake kama kichaa."

Spés akaacha kutafuna.

Theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi, kabla nyumba haijaamka, alijifunga kitenge tumboni chini ya koti, akaifunga betri ya akiba ndani ya ncha ya kitenge, kifundo kile kile ambacho mama yake alifungia sarafu zake kambini, ikagusa ngozi. Alipofika mlangoni akatazama nje. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Koti lake lilikuwa jeusi. Mbweha angemwona kutoka Kanada.

Akayatazama majoho. Akamwomba Mungu msamaha, na hakuthubutu kumwomba Rakeli. Akavaa moja juu ya koti.

Uwanja ule ulikuwa mpana na kimya, na upepo wa ziwani ulikata kama wembe. Spés akalala kifudifudi kwenye theluji, jua dogo mgongoni, viwiko vimebanwa, akangoja. Vidole vya miguu viliuma, kisha vikaacha kuuma, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Ndipo mbweha akatokea. Alikuja akinusanusa, mwekundu juu ya weupe wote ule, miguu myeusi kana kwamba amevaa soksi. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza panya aliyekuwa anatembea chini ya theluji. Akachutama, akaruka.

Spés akabonyeza. Kimya. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi.

Alitamani kupiga yowe. Mbweha alitua, kichwa kikazama thelujini, akakitoa bila kitu, akapiga chafya. Naye alikuwa amekosa! Spés akaingiza mkono chini ya joho, chini ya koti, akafungua kifundo kwa vidole visivyosikia kitu, akatoa betri yenye joto la tumbo lake. Akaitia kamerani bila kuinua kichwa. Mbweha alimtazama. Labda aliona lundo la theluji lenye macho, na halikumtisha. Akasogea karibu, karibu zaidi, akainamisha kichwa tena. Spés hakulenga pale alipokuwa. Alilenga pale atakapopita, kama kindi walivyomfundisha.

Mbweha akaruka, na safari hii kamera ikaimba.

Mkutano ulikuwa umeshaanza Spés alipoingia ukumbini, nywele zina barafu, joho la kwaya limelowa na kushika tope kuanzia shingoni hadi chini. Kwaya ilikuwa imesimama mbele, imepungua mwimbaji mmoja aliyekosa joho. Rakeli alimwendea, akalishika pindo la joho.

"Wifi, nitafua," Spés alisema. "Nitafua yote. Zenoni, shika kadi."

Zenoni akaitia kadi kwenye televisheni kubwa ya ukumbi. Picha ikajitokeza.

Mbweha alikuwa hewani, amepinda kama upinde, mkia nyuma, chembe za theluji zimemzunguka. Alikuwa amejaza kioo, na bado alikuwemo wote. Jicho lake la rangi ya asali lilikuwa wazi na kali, limeelekezwa chini anakokwenda. Na chini yake, imetanuka, haijagusa kitu, ilikuwemo miguu.

Mzee Leonardi aliinuka. Alitembea polepole hadi kwenye televisheni, akavaa miwani, akainua kidole. Hakutazama jicho, hakutazama mkia. Aligusa kioo penye soksi nyeusi.

"Mmoja," alisema. "Wa pili." Kidole kikahama. "Wa tatu. Wa nne."

Alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujali nani anaona. Wengi mle ndani walijua kwamba mzee huyu ndiye aliyesimama mbele ya turubai la Liberati zamani, kijana mkavu wa njaa, viatu vya kuazima, ili mama yake upande wa pili wa mpaka apate kujua.

"Amefika mzima!" alisema kwa sauti kubwa.

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele vilitoka kwa kina mama kama mvua ya mawe juu ya bati, viti vikaanguka, mtu akapiga ngoma ya kwaya bila kuombwa, na Rakeli, ndiyo, Rakeli mwenyewe, alimkumbatia Spés na matope yake yote mpaka majoho yaliyochafuka yakawa mawili. Bagula, aliyekuwa akifuatilia kwa simu kutoka Columbus, alisikika akipiga kelele, "Macho! Muangalie na macho, bazee!" Spés alicheka na kulia pamoja, akijua kabisa kwamba baba yake naye angekaa umbali ule ule, miguu yote ionekane.

Simba hakurudi. Mwezi wa kwanza kalenda zilifika, na sasa mbweha anaruka juu ya televisheni za Iroquois, za Gahanna na za Lackawanna, ambako Mzee Leonardi amempa msumari mpya. Spés alibeba moja hadi ghalani akaitundika karibu na mahali wanapolia chakula. Haikupita siku, kijana mmoja mgeni kazini akaja na swali lile lile la kila wiki, eti kwao kulikuwa na simba wengi?

"Simba simjui," Spés alimjibu, akamwelekeza ukutani kwa kijiko. "Mnyama wa kwetu ni huyu."